Gorila Kati ya Kurasa Mbili

Mtoto wa Goma hakosi picha za wanyama. Noti ya faranga 1000 anayotumwa nayo dukani ina okapi. Ya 5000 ina pundamilia, ya 10,000 ina nyati, ya 20,000 ina twiga. Nembo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imebeba kichwa cha chui, na timu ya taifa ya kandanda inaitwa kwa jina la mnyama huyohuyo. Gorila naye amechorwa kwenye kuta za hoteli, kwenye fulana na kwenye milango ya magari ya watalii. Wote hao ni bapa. Wamelala juu ya karatasi, kitambaa au bati, na hakuna hata mmoja anayemdai mtoto afanye lolote ili aonekane. Wenye miili wako karibu mno: siku mbingu ikitakata, milima ya Mikeno na Nyiragongo huonekana kutoka mjini, na kwenye miteremko ya Mikeno ndiko gorila wa milimani wanakolala. Ukaribu huo haumfai kitu mtoto wa mitaa ya Birere au Majengo. Kibali cha kuwatazama kiliuzwa dola 400 za Marekani wakati hifadhi ya Virunga ilipokuwa wazi kwa wageni. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipandisha chake hadi dola 1,500 mwaka 2017. Na hata fedha ingepatikana, barabara ya Rutshuru imepita mikononi mwa wenye silaha mara nyingi, kiasi kwamba mzazi mwenye akili zake hampeleki mtoto matembezini huko. Kwa hiyo swali la namna gani mnyama wa porini amfikie mtoto wa mji huu ni swali zito, ijapokuwa jibu ninalotaka kulitetea litaonekana jepesi: kitabu cha karatasi ambacho ukikifungua, mnyama huinuka.

Msingi wa kitabu hicho ni mkunjo. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kikunje katikati, kisha kibandike kwa miguu yake miwili, mmoja ukurasa wa kushoto na mwingine ukurasa wa kulia, mkunjo ukiwa umekaa sawasawa juu ya mshono wa kitabu. Ukifunga, kipande kinalala. Ukifungua, kurasa zinaachana, zinavuta miguu ile kila mmoja upande wake, na kipande hakina budi kusimama. Hakuna betri wala kamba. Kikibandikwa upande mmoja tu kitabaki kimelala hata ukifungua mara mia. Pembe ambayo miguu inaifanya na mshono ndiyo inayoamua kama mnyama atasimama wima au atamwinamia msomaji. Kimo chake nacho kina mpaka: akiwa mrefu kuliko ukurasa unavyoruhusu, mkonga wa tembo utachungulia nje kitabu kikishafungwa. Hata karatasi yenyewe ina mwelekeo wa nyuzi, na anayeikunja kinyume nao ataona ufa baada ya siku chache. Ongeza juu ya mkunjo huo ulimi wa kuvuta, gurudumu lililofichwa kati ya karatasi mbili, kifuniko cha kufunua, na pazia la vipande vyembamba vinavyopishana, na karibu umemaliza vyombo vyote vya fundi. Ni vichache, kama irabu za Kiswahili, na kama irabu hizo vinatosha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kuchezea, hayana nafasi karibu na elimu. Historia inasema kinyume, kwa sababu ufundi huu ulianza mikononi mwa watu wazima waliokuwa wakitafuta maarifa. Katika karne ya 13 Ramon Llull wa Mallorca alitumia magurudumu ya karatasi yanayozungushwa ili kupanga hoja zake za falsafa. Madaktari wa Ulaya wa karne ya 16 walibandika vifuniko juu ya michoro ya mwili wa binadamu, msomaji akifunua ngozi aone mbavu, akifunua mbavu aone moyo. Mwaka 1570, Henry Billingsley alipotoa mjini London tafsiri ya kitabu cha jiometri cha Euclid, aliweka ndani yake vipande vya karatasi vya kuinua, kwa kuwa alijua kwamba umbo lenye ujazo halieleweki likichorwa bapa. Watoto walifikiwa baadaye sana, kuanzia karne ya 18, na waliofikiwa kwanza ni wale ambao wazazi wao walikuwa na kitu. Mjini Munich, Lothar Meggendorfer, aliyefariki mwaka 1925, aliufikisha ulimi wa kuvuta mahali ambapo mvuto mmoja unatikisa viungo kadhaa vya picha kwa pamoja, kila kimoja kwa mwendo wake, vikishikwa na waya mwembamba uliofichwa ndani. Mjini Prague, Vojtěch Kubašta, mtu aliyesomea usanifu wa majengo, alijenga vitabu vyake baada ya Vita vya Pili vya Dunia kama mtu anayesimamisha nyumba. Na katika miaka ya 1980 National Geographic Society ya Washington ilitoa mfululizo wa vitabu vya namna hii juu ya wanyama wa porini. Sitaji majina haya ili kuonyesha kwamba Goma imechelewa. Nayataja kwa sababu yanathibitisha jambo moja: kila palipokuwa na kitu chenye mwili kinachopaswa kueleweka, watu wenye akili walirudi kwenye mkunjo.

Tuseme basi fundi ameketi Goma, amekata shauri kumjenga gorila. Mchoraji wa picha bapa anaweza kubahatisha, akafunika kosa kwa majani ya mwanzi. Mjenzi wa mkunjo hana pa kujificha. Gorila hutembea akiegemea vifundo vya vidole. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu, na mgongo unateremka kuelekea nyuma. Ukimpa mikono mifupi, umbo lote la karatasi litaelemea mbele na kulala kifudifudi, na kosa la elimu ya wanyama litakuwa limejionyesha kuwa kosa la ujenzi. Akitaka kumwonyesha dume akipiga kifua, itambidi ajue kwamba hapigi kwa ngumi kama filamu zinavyodai. Hupiga kwa viganja vilivyokunjuliwa, na ndiyo maana mlio wake husafiri mbali msituni. Hapo ulimi mmoja wa kuvuta lazima uiendeshe mikono miwili kwa zamu, na fundi atalazimika kuweka egemeo katikati ili mmoja ukipanda mwingine ushuke. Kuhusu uso, wanaowafuatilia gorila hao kila siku huwatambua kwa mikunjo iliyo juu ya pua, ambayo hailingani kwa gorila wawili. Kifuniko cha majani, ukikifunua, kinaweza kumwonyesha mtoto pua hiyo peke yake, na kifuniko cha pili pua ya ndugu yake, akaambiwa atafute tofauti. Hilo ni somo ambalo mtafiti huanza nalo siku yake ya kwanza kazini.

Okapi anadai akili nyingine kabisa. Ni mnyama wa Kongo peke yake kati ya nchi zote za dunia, mpweke, mwenye haya, ambaye wanasayansi wa Ulaya hawakumwandika vitabuni hadi mwaka 1901, ilhali watu wa msitu wa Ituri walikuwa wakimfahamu tangu kale. Katika hifadhi ya Virunga yenyewe ilidhaniwa ametoweka, hadi nyayo zake zilipoonekana mwaka 2006 na kamera zilizotegwa msituni zikampiga picha mwaka 2008. Mnyama wa namna hii kumsimamisha ghafla katikati ya ukurasa ni kumkosea adabu. Kinachomfaa ni pazia la vipande: picha mbili zimekatwa vipande vyembamba na kusukwa pamoja, ya kwanza ikiwa majani na vivuli, ya pili okapi, mtoto akivuta ulimi, vipande vinapishana na majani yanageuka mnyama, na akiurudisha, mnyama anageuka majani. Sasa tazama mapaja ya okapi. Yana milia myeupe na myeusi inayovunja umbo lake katika mwanga unaochujwa na miti, yaani mwili wake umetumia hila ileile ambayo fundi wa karatasi anaitumia. Hapa ufundi unaigiza namna mnyama anavyojificha, na mtoto anajifunza kwa mkono wake kwa nini milia ile ipo. Kakakuona naye, ambaye magamba yake yanapandana na ambaye akitishika hujiviringa akawa mpira, anaitaka karatasi iliyokunjwa kama feni juu ya gurudumu. Ningeweza kuendelea na kinyonga, lakini msomaji ameshaona ninakoelekea: kila mnyama anachagua utaratibu wake, na fundi asiyemjua mnyama atachagua vibaya.

Kuna njia nyingine ya kumpa mtoto mnyama mwenye ujazo, na eneo hili linaijua vizuri kuliko linavyokumbuka. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alipanda miteremko ya milima hii akaua gorila kadhaa kwa ajili ya Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York. Ngozi zao zilivalishwa maumbo, zikasimamishwa nyuma ya kioo, na ukuta ulio nyuma yao ukachorwa mandhari ya kwao, volkano ya Nyiragongo ikiwemo. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1936 na upo hadi leo. Akeley mwenyewe aligeuzwa na alichokiona. Aliwasihi wakubwa wa Ubelgiji mlima ulindwe, hifadhi hii ya Virunga ikatangazwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, na mwaka uliofuata alirudi, akaugua, akafia Kabara chini ya Mikeno, na huko akazikwa. Sina haja ya kumhukumu upya. Ninachokiona ni kwamba kwa karibu miaka tisini mtoto wa New York ameweza kusimama mbele ya gorila mwenye kimo na upana, na mlima wa Goma nyuma yake, wakati mtoto wa Goma ameachiwa picha ya mlango wa gari. Naona pia bei ya umbo lile. Lilihitaji bunduki kwanza, na baada ya bunduki kioo, ili asiguswe. Karatasi inatoa ujazo bila ngozi ya mnyama yeyote, na inataka iguswe, kwani isipoguswa haifanyi kazi.

Lakini simu je? Hili ndilo pingamizi litakalotolewa kwanza na kijana yeyote wa Goma, na ni la haki. Kwenye kioo cha simu gorila anatembea kwelikweli, anatafuna, anakohoa. Mtoto anasikia sauti ambayo karatasi haitaitoa kamwe. Sisemi mtoto anyimwe. Nasema filamu ina kasi yake, na kasi hiyo iko nje ya mtoto. Inamwonyesha mnyama ikiwa tayari imeamua wapi aanzie na wapi aishie, kisha inamletea mwingine kabla hajauliza swali la yule wa kwanza. Kitabu cha mkunjo kinaenda kwa kasi ya mkono. Mtoto mwoga atakifungua robo tu, aone masikio ya chui yakianza kutokeza, akifunge, apumue, akifungue tena. Mtoto mdadisi atalaza kichwa mezani achungulie chini ya tumbo la mnyama, aone karatasi imebandikwa wapi, na kugundua kwamba mwendo una chanzo. Ugunduzi huo simu haiwezi kuutoa, kwa sababu simu inaficha chanzo chake ndani ya vitu ambavyo hata mwalimu hawezi kuvieleza. Katika kitabu hiki kila kitu kiko wazi: huu ndio mguu, huu ndio mshono, mkono wako ndio uliomwinua. Na umeme ukikatika, kitabu hakina habari.

Hadithi zetu nazo zina wanyama tele, na mtu anaweza kudai kwamba bibi asimuliaye habari za Sungura na Fisi jioni ameshafanya kazi yote. Bibi anafanya kazi nyingine. Sungura wa hadithi ni binadamu aliyevaa manyoya. Anasema, anakopa, anadanganya, anaoa. Tunaijua nia yake, hatuyajui masikio yake. Kitabu cha mkunjo kinamnyamazisha mnyama na kumrudishia mwili, na mtoto anahitaji vyote viwili, kwa vile asiyejua kwamba fisi halisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma atabaki akimchekea fisi wa hadithi tu.

Tuje kwenye fedha. Vitabu hivi ni ghali, na vinavyotoka Ulaya au Marekani vikifika Goma vitakuwa vimeongezewa gharama ya ndege, ushuru na faida ya watu kadhaa. Mji uliozungukwa miaka ya karibuni na kambi za wakimbizi wa ndani, Bulengo na Kanyaruchinya zikiwemo, una mambo ya kununua kabla ya tembo wa karatasi. Hoja hii ingeniangusha kama ningekuwa nadai vinunuliwe. Tazama lakini ughali wake unatoka wapi. Karatasi si ghali hivyo, wala wino. Kinachogharimu ni mikono: hadi leo vipande vya vitabu hivi hukunjwa, huingizwa na hubandikwa na watu, kimoja kimoja, kwa sababu mashine haijaweza. Mmarekani Waldo Hunt, aliyeufufua ufundi huu kibiashara kuanzia miaka ya 1960, alipeleka kazi ya kuunganisha Singapore na Cali nchini Kolombia, na wengine wakaihamishia China, wote wakifuata mikono hodari ambayo ujira wake uliwapa faida. Ukisema ukweli wenyewe, basi, kitu adimu katika ufundi huu ndicho kitu ambacho Goma inacho. Huu ni mji uliochonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo za viazi na mkaa, kilichobuniwa na kutengenezwa na watu wa Kivu wenyewe, nacho kimepewa heshima ya sanamu kwenye mzunguko wa barabara mjini. Watoto wa mji huu hutengeneza magari kwa waya na makopo yenye usukani unaogeuza magurudumu kweli. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ulimi wa karatasi unaoendesha mikono miwili ni jambo gumu kwake ni kumdharau. Vifaa ni karto ya boksi la sabuni au la biskuti, wembe, rula, penseli na gundi nyeupe. Viwanda vidogo vya chapa vinavyotoa kadi za harusi na kalenda vinaweza kutoa karatasi zilizochapwa rangi, na kazi ya kukunja ikabaki mezani kwa watu.

Sidai kwamba itakuwa rahisi, wala sitaki mtu aone hapa kisingizio cha kuwatumikisha vijana bila malipo. Nasema tu kwamba kuna mfano wa jirani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991 ulionyesha kwamba Waafrika Mashariki wanaweza kuandika, kuchora na kuchapisha vitabu vya watoto kwa Kiswahili bila kungoja meli. Vitabu vya Kiswahili vya Dar es Salaam na Nairobi vinapofika Kivu, hata hivyo, mara nyingi huja na simba wa Serengeti na twiga wa nyika, wanyama ambao mtoto wa Goma anawapokea kama wageni. Okapi, gorila, kakakuona wa msitu, viboko wa Ziwa Edward: hao hakuna wa kuwaleta isipokuwa watu wa hapa.

Na darasani? Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na zaidi atauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kitabu hicho kitadumu siku ngapi. Kikipitishwa mkono kwa mkono, pengine mbili. Ufundi wenyewe una majibu yake. Kitabu kinaweza kujengwa kikubwa, kifunguliwe na mwalimu mbele ya darasa zima, kila siku mwanafunzi mmoja akiitwa kuvuta ulimi. Na kilichochanika kinatibika kwa ukanda wa karatasi na gundi kidogo, tena mkononi mwa mtoto aliyekichana. Ninaenda mbali zaidi: kuchanika kwa mguu wa tembo kunafundisha zaidi ya mwalimu yeyote. Mtoto anaona kwamba kiungo kimoja kikikatika, mnyama mzima haamki. Kitabu kisichoweza kuharibika, cha plastiki nene, kingemnyima elimu hiyo.

Lipo pingamizi zito kuliko yote, na Goma ndio mji unaostahili kulitoa. Watu wa Kivu ya Kaskazini wamesikia kwa miaka mingi dunia ikiwalilia wanyama wao kuliko inavyowalilia wao. Gorila kadhaa, dume mkubwa Senkwekwe akiwa mmoja wao, walipouawa Julai 2007, picha zao zilizunguka dunia nzima. Vijiji vingi vilivyochomwa miaka hiyohiyo havikupata hata sentensi. Yupo mkulima ambaye tembo amemlia mahindi ya mwaka mzima. Wapo wanaodai kwamba mpaka wa hifadhi ulimeza mashamba ya babu zao. Walinzi wa hifadhi nao, vijana wa hapahapa, wameuawa zaidi ya 200 katika kazi hiyo. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12, dereva wao na raia wanne. Kumletea mtoto wa watu hawa kitabu kinachomsimamisha gorila anayetabasamu, bila shamba, bila mlinzi, bila mpaka, ni kumfundisha kupenda kwa macho ya mtalii. Nakubali pingamizi hili bila kupunguza neno. Lakini linakipinga kitabu kibaya. Kitabu kizuri cha aina hii kina uwezo ambao picha bapa haina: kuonyesha kwamba vitu viwili vimefungwa kwenye mkunjo mmoja. Tembo anaweza kujengwa kwa namna ambayo hawezi kuinuka bila mahindi ya ukurasa wa pili kulala. Gunia la mkaa, au makala kama mji wote unavyoyaita, linaweza kuunganishwa kwa ulimi uleule na mti wa Virunga, kwa sababu ndivyo lilivyo jikoni: sehemu kubwa ya moto wa Goma imekatwa msituni, na mauaji ya mwaka 2007 yalihusishwa na biashara hiyohiyo. Fundi hahitaji kuhubiri. Anabandika miguu miwili mahali pake, mtoto anafungua, na mambo mawili yanatendeka kwa wakati mmoja.

Udhaifu mmoja upo ambao sina dawa yake kamili. Kila utaratibu wa karatasi unarudi. Ukifunga ukurasa na kuufungua, mti ulioanguka umesimama, na Senkwekwe anaamka kila asubuhi darasani. Mtoto anaweza kuondoka na imani kwamba porini nako mambo hurudi hivyo. Fundi mwaminifu anaweza kupambana na hili kwa kiasi: ulimi unaoingia na kukwama, ukurasa ambao umbo limekatwa na kuondolewa. Hata hivyo hizo ni hila zinazopingana na asili ya chombo, na watoto huzitambua haraka, wengine wakaanza kutafuta kipande kilichopotea. Ni afadhali mwalimu aseme kwa mdomo kile ambacho karatasi haiwezi, kuliko kuilazimisha karatasi iseme uongo wa aina nyingine. Maneno yana kazi yake pia ndani ya kitabu, machache, kwa Kiswahili ambacho mtoto anakisikia nyumbani, yakiwekwa chini ya kifuniko au kando ya ulimi ili kusoma kuwe sehemu ya kufungua. Anayedhani kwamba picha ikisimama mtoto ataacha kusoma hajamwona mtoto akitafuta maelekezo ya wapi avute.

Kama ningeulizwa kazi ianzie wapi, nisingeanza na kitabu kizima wala na gorila. Ningeanza na kadi moja, karto iliyokunjwa mara mbili, ambayo mwalimu yeyote anaweza kuikata kwa somo moja, na mnyama awe kiboko wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward. Taya lake linafunguka kupita kiasi, na mkunjo mdogo wa pembe pana unalitenda vizuri sana. Usiku hupanda nchi kavu kula majani, mchana hurudi ziwani, na kinyesi chake hulisha maji ambayo samaki wanaishi humo. Ulimi mmoja unaweza kumrudisha majini na kuwainua samaki kwa pamoja. Katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi hii walikuwa zaidi ya 25,000; kufikia katikati ya miaka ya 2000, baada ya askari na waasi kuwawinda kwa ajili ya nyama na meno, hawakufika 1,000, na wavuvi waliona nyavu zao zikipungukiwa. Mtoto wa Goma anayekula samaki wa Vitshumbi ana sababu ya kumjua kiboko iliyo tumboni mwake mwenyewe. Gorila ana watangazaji wa kutosha. Zamu yake ije kadi ya tatu au ya nne, fundi akishazoea pembe.